Saba, Mara Nane Akatokea

Juzi nilinunua mtungi. Mtungi mdogo wa manjano, wa lita tano, ule ambao katika maisha yake ya kwanza ulikuwa na mafuta ya kupikia kabla ya kufika kwa mama wa mitungi pale Kawangware. Nikafungua kifuniko ninuse kama umeoshwa, na ile harufu ya mafuta ya zamani, sabuni ya kipande na plastiki iliyokaa juani ikanipanda puani, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Mama wa mitungi akaniuliza, "Kwani ni mbaya?" Nikamwambia si mbaya, nipe miwili. Sikuhitaji hata mmoja. Nyumbani nina mfereji siku hizi, na siku nyingi unatoa maji.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Hiyo harufu ndiyo iliyonifunza hesabu, wala sitanii.

Tulihamia Kawangware kutoka Silanga, kule Kibera karibu na bwawa, nikiwa darasa la nne. Maji ya mvua yalikuwa yameingia nyumbani, yakatoka, yakaingia tena, na asubuhi mama alipokuta sufuria ya ugali inaelea kando ya kitanda alisema, "Hapa tumemaliza." Baba alikuwa fundi wa mawe, analala huko huko kwenye mjengo wiki nzima, kwa hivyo hakuulizwa, aliambiwa. Mama akapata chumba kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga upande wa kuelekea Riruta, akatuandikisha shule ya mabati iliyokuwa karibu. Mimi la nne, mdogo wangu Nekesa la tatu.

Sasa, kule Silanga mimi nilikuwa na jina. Tebo, yale majedwali ya kuzidisha, tuliziimba kwa Kizungu, tu taimzi wan tu, tu taimzi tu foo, mabega yakicheza, na hakuna aliyenishinda sauti. Sauti nilikuwa nayo. Ukinikatiza katikati, ilibidi nirudi mwanzo kabisa, kama kanda ya redio. Lakini nani alikuwa ananikatiza? Tulikuwa tunaimba watoto sabini na chumba kinatetemeka.

Shule mpya, mwalimu wa hesabu alikuwa na msimamo wake. Tebo kwa Kiswahili, alisema, ili mwelewe mnachosema. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Darasa zima likaitikia, na hapo ndipo mimi nilipopotelea.

Shida ni kwamba neno mara nililijua. Nililijua vizuri sana! Mama alikuwa na hadithi zake za jioni wakati wa kuchambua mboga, na katika kila hadithi kulikuwa na mtu anajiendea zake. Sungura alikuwa anajiendea zake, mara fisi akatokea. Msichana alikuwa anateka maji, mara zimwi likatokea. Tukifika kwenye mara, mimi na Nekesa tulishikana mikono, kwa sababu baada ya mara hakuna jema. Basi mwalimu aliposema saba mara nane, mimi nilisikia habari kamili: Saba alikuwa anajiendea zake, mara Nane akatokea.

Usicheke, au cheka tu, nimezoea. Niliwaona kabisa. Saba alikuwa mwanamume mwembamba, mrefu, kofia imemwangukia mbele. Nane alikuwa mama mnene aliyejifunga leso kiunoni. Sita alikuwa fundi viatu aliyeinama. Sita mara sita niliipenda, kwa sababu fundi viatu alikutana na pacha wake aliyepotea, na mtu akikutana na pacha wake anaweza kufurahi hadi akawa thelathini na sita. Lakini Saba na Nane walipokutana, kwa nini wakawa hamsini na sita? Walipigana? Waliita watu? Nilikariri majibu kama umbea wa watu nisiowajua, na umbea wa watu usiowajua haukai kichwani.

Kilichonimaliza ni siku tulipofika kwenye tebo ya nane. Darasa likaimba nane mara saba, hamsini na sita. Mimi nikainua mkono. Nilikuwa na domo siku hizo, hata sasa ninalo.

"Mwalimu, sasa nani alitokea kwanza?"

"Nani alitokea wapi?"

"Jana Saba ndiye alikuwa anaenda, Nane akatokea. Leo Nane ndiye anaenda, Saba anatokea. Si hadithi inafaa kubadilika?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Kuna mvulana alicheka mpaka akateremka chini ya dawati. Mwalimu akadhani nimemfanyia ujeuri mbele ya watoto, na sikumlaumu, hata mimi ningedhani hivyo. Akasema, "Asiyejua maana haambiwi maana," akanipeleka kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Hakunichapa. Aliniuliza tebo tano, nikakosa nne. Akavua miwani.

"Wiki tatu," akasema. "Ijumaa ya tatu uje hapa peke yako. Ukizijua, sawa. Usipozijua, unarudi darasa la tatu. Sikuonei, mtoto. Huwezi kujenga juu ya matope."

Darasa la tatu. Kwa Nekesa! Kurudishwa darasa ni jambo moja, watu wanarudishwa na wanaishi. Lakini kurudishwa kwenye darasa la mdogo wako, ukae dawati moja na mtoto uliyempangusa kamasi, halafu yeye ndiye anajua na wewe hujui! Kwa maana Nekesa alizijua. Kiumbe kidogo, meno ya mbele hayapo, lakini tebo zilimtoka kama maji. Alipozisikia habari zangu jioni ile alipiga makofi, akaruka juu ya kitanda.

"Utakuja kwa darasa yetu! Utakaa na mimi!"

Nikamfinya mpaka akapiga kelele. Mama akanichapa kofi moja la haraka bila kuacha kukoroga ugali, akasema, "Sasa yeye amekosa nini?" Mimi najua alichokosa. Alinifurahia matatizo yangu, hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa moyo wote.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi. Mama alijaribu, maskini. Yeye aliniimbisha nikiosha vyombo, na kwa kuwa hakuzijua tebo zote, Nekesa ndiye alikuwa refa kutoka kitandani. "Unasema arobaini na mbili? Hapana, arobaini na nane. Hiyo si sita mara nane, hiyo ni sita mara saba." Kila alipofungua mdomo nilizidi kusahau. Siku moja nilichukua daftari lake, nikalilowesha mahali pale nyuma palipochapishwa tebo, nikasugua kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka kuanzia tebo ya sita hadi ya tisa. Aliona. Aliliangalia lile tundu, akaniangalia mimi, akalifunga daftari. Hakumwambia mama. Nikajisemea, huyu ananiwekea akiba, ipo siku atanimaliza.

Wiki ya pili mifereji ya ploti ikakauka. Mnajua Kawangware ikikosa maji inavyokuwa. Watu wanaamka na mitungi kama wanaenda vitani. Jirani yetu Mama Atieno, aliyekuja Nairobi kutoka upande wa Kisumu kabla sijazaliwa, alikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe mbele ya ploti, na kibanda hakiendi bila maji. Jumamosi asubuhi akaja mlangoni kwetu.

"Mama Nekesa, nikopeshe huyu msichana wa kununa. Atanichotea maji, atakula chapati mpaka achoke."

Mama akaniangalia ninavyonuna, akasema, "Mchukue."

Nilipewa vitungi viwili vya lita tano, kimoja kila mkono. Maji yalikuwa mbali, chini kuelekea Riruta, kwa mtu aliyekuwa na tangi. Unapanga mstari, unajaziwa, unapanda na kilima huku mshikio unakukata vidole, unamwaga kwenye pipa kando ya kibanda, unarudi. Ile harufu ya mafuta ya zamani ilinishika mikononi, nguoni, hadi kwenye chapati niliyokula. Nilikwenda na kurudi nikiwa nimekasirikia dunia nzima kwa mpangilio: kwanza Nekesa, halafu mwalimu, halafu mvua ya Silanga.

Mama Atieno alikuwa anasukuma chapati, hana muda wa kuchungulia pipa. Nilipomwaga akauliza bila kugeuka, "Wewe, umeenda mara ngapi?"

"Mara tano."

"Kila mara viwili?"

"Ndiyo."

"Haya, ni kumi. Hii pipa inameza ishirini na nne. Enda, usisimame hapo kama mlingoti."

Nikaenda. Nilifika katikati ya njia, pale penye mtaro. Nikasimama. Viwili, mara tano, kumi. Mbili mara tano, kumi. Nikayarudia maneno midomo ikitembea. Mbili. Mara tano. Kumi. Nikaweka vitungi chini pale pale, na nyuma yangu mwenye mkokoteni akapaza sauti, "We msichana, toa mitungi kwa njia! Kwani hii barabara ni ya mama yako?" Sikumjibu, na hilo peke yake lingewaambia wanaonijua kwamba kuna jambo kubwa limetokea. Nikageuka, nikakimbia kupanda kilima na vitungi vitupu vikigongana.

"Maji iko wapi?" Mama Atieno akauliza.

"Mama Atieno, mara ni mara?"

"Nini?"

"Ile mara ya tebo. Ni mara ya kwenda? Ya umeenda mara ngapi?"

"Sasa ingekuwa mara gani ingine?"

Nikamweleza, kuanzia fisi wa hadithi za mama. Saba anajiendea zake, Nane akatokea, na leso yake kiunoni. Mama Atieno aliweka kijiti cha kusukumia chini. Alicheka kwanza kwa mabega, halafu kwa tumbo, halafu akakaa juu ya debe na kujifuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na unga. "Fisi! Fisi ametoka wapi kwa hesabu? Woi, mtoto ataniua." Mteja mmoja aliyekuwa akingoja chapati akauliza kuna nini, na Mama Atieno hakuweza kumwambia, alikuwa amekwisha.

Halafu uso ukabadilika.

"Unajua mimi nilichapwa sana na hiyo tebo," akasema. "Sana. Darasa la tano nikaiacha, nikaacha na shule. Na hakuna mtu, hata mmoja, aliniambia ni kwenda na kurudi tu." Akatikisa kichwa. "Maji nimebeba tangu nikiwa kama wewe. Hakuna aliniambia."

Akasimama, akapangusa kibao cha chapati, akachota maharagwe mabichi kwenye sufuria.

"Kuja hapa. Hiyo pipa itangoja. Hiyo saba na nane inakusumbua, si ndiyo? Beba saba, peleka kule. Rudi. Beba saba ingine."

Nikabeba. Safari ya kwanza saba, nikayapanga mstari mmoja juu ya kibao, na kila safari mstari wake chini ya mwingine. Ya pili kumi na nne. Ya tatu ishirini na moja. Nilikuwa nikitembea kweli, hatua tatu kutoka sufuria hadi kibao, kwa sababu kichwa changu kilitaka miguu. Ya nane ilipofika nilihesabu moja moja, nikapata hamsini na sita, nikahesabu tena kwa kutoamini, na yalikuwa hamsini na sita. Hakuna aliyepigana wala kuita watu. Yalikuwepo tu, mbele yangu, nimeyabeba mwenyewe. Nililia, na sijui kwa nini nililia, nilikuwa na furaha nyingi mno kwa mtoto aliyeamka akinuna.

"Na nane mara saba?" nikauliza nikivuta kamasi. Hilo bado lilinikaa kooni. "Nani anaanza?"

Mama Atieno alikuwa amesimama pembeni ya kibao, kushoto kwangu, akaangalia maharagwe kwa upande wake. Kidole chake kikatembea juu ya mistari. Nadhani naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

"Wewe huko kwako unaona mistari ngapi?"

"Nane. Kila mstari saba."

"Mimi huku naona saba. Imesimama hivi, kila mmoja nane. Kuja uone."

Nikazunguka kibao, nikasimama kando yake. Kweli. Hakuna haragwe lililosogea.

Kuanzia siku ile nilikuwa pale kila jioni baada ya shule, maji yakiwepo yasiwepo. Yeye alisukuma chapati, mimi nilibeba maharagwe, na wateja wakaanza kuingilia. Kinyozi wa karibu aliniuliza tisa mara nne akiwa na maharagwe yake mdomoni. Nikikosa hakuna aliyenicheka, kwa maana nusu yao hawakuwa na uhakika. Mama Atieno mwenyewe alianza kuzishika. Siku nyingine alinitangulia, akapiga kibao kwa kiganja na kusema, "Sitini na tatu! Umeona?" kisha akaangalia kando kama mtu aliyejikuta akicheza ngoma barabarani.

Lakini sikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonitisha. Nekesa angetema jibu kabla hujamaliza swali, mimi ilibidi niende na kurudi kichwani safari zote. Ijumaa ya tatu ilipofika nilikuwa najua kila kitu na sijui chochote upesi.

Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi na kalamu. Nilisimama kando ya meza yake, mikono nyuma. Tano mara sita, nikajibu. Tatu mara nane, nikajibu. Nne mara saba, nikachelewa kidogo, nikajibu. Kisha akasema, "Tisa mara sita."

Nikaanza safari. Tisa. Kumi na nane. Ishirini na saba. Nikasikia kalamu yake inagusa karatasi, nikaona anaanza kuandika.

"Mwalimu, ngoja! Bado natembea!"

Kalamu ikasimama. "Unatembea wapi?"

"Nachota. Nimeenda mara tatu, zimebaki mara tatu."

Alivaa miwani akaniangalia, nami nikafumba macho ili nisimwone. Thelathini na sita. Arobaini na tano. Nilipanda kile kilima na mishikio ikinikata vidole, nikamwaga ya mwisho.

"Hamsini na nne."

"Na sita mara tisa?"

"Hiyo ni hiyo hiyo, Mwalimu. Ni wewe ukiangalia kutoka huko kwako."

Aliangalia meza yake. Aliangalia upande wangu, kisha upande wake. Akaandika neno moja, sikuliona, akafunika kalamu.

"Rudi darasani."

"Gani?"

"La nne, kwani umesahau unasoma wapi?" Akatabasamu kidogo, nami nikatoka mbio hata kushukuru sikushukuru.

Ilikuwa wakati wa mapumziko. Sikwenda darasa langu. Nilikwenda moja kwa moja darasa la tatu kumtafuta Nekesa, na maneno nilikuwa nimeyaandaa kwa wiki tatu. Nilikuwa na matusi mazuri, yamepangika. Nilitaka nimwambie mbele ya wenzake kwamba atakaa na mbuzi, si na mimi.

Wenzake walikuwa nje wanacheza. Yeye alikuwa ndani peke yake, amekaa kwenye dawati la watu wawili, amejibana ukingoni kabisa, nusu nzima iko wazi. Ilikuwa imepanguswa, ubao wa nusu ile unang'aa kuliko wa upande wake mwenyewe. Msichana mmoja alikuja kuketi pale, na nikamsikia Nekesa akisema, "Hapana, hapa ni pa dada yangu. Nimekwambia kila siku." Kila siku! Mbele ya ile nafasi kulikuwa na penseli. Alikuwa na penseli moja tu, mama alitununulia moja kila mmoja mwanzo wa mhula, na yangu nilikuwa nimeipoteza. Alikuwa ameikata ya kwake katikati kwa wembe, akazichonga zote mbili, na kile kipande chenye kifutio ndicho alichoweka upande wangu.

Aliniona mlangoni, akasimama. "Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Kwa hivyo hautakuja." Alitabasamu na lile pengo la meno, na wakati huo huo kidevu kikaanza kutetemeka. "Ni sawa. Lakini penseli chukua tu. Ni yako."

Matusi yangu yote yalinikauka mdomoni. Wiki tatu nilikuwa nimemsoma vibaya mtoto huyu kuliko nilivyosoma tebo yoyote. Aliponirukia kitandani akipiga makofi, alikuwa anafurahi kwamba katika shule hii ngeni, ambamo hata yeye hakuwa na mtu, nitakuja kukaa karibu naye. Hivyo tu. Nami nikamfinya.

Nikaingia. Nikakaa kwenye ile nusu yangu, nikaishika ile penseli. Kengele ikalia, watoto wakarudi wakinitumbulia macho, mimi nimekaa tu. Mwalimu wao akaingia, akaniona.

"Wewe si wa darasa la nne?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Nekesa akasimama kabla sijafungua mdomo. "Ni dada yangu," akasema.

Mwalimu akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akageukia ubao na kuanza kuandika. Nami niliyelia wiki tatu nisiingizwe darasa lile, nikakaa humo mpaka kipindi kikaisha.